Elimu na Lugha ya Nyumbani: Juu ya Kitabu cha Richard Rodriguez

Mara nyingi mzazi hutujia jioni baada ya kazi, akaketi kidogo pasipo kusema neno, kisha akatuuliza: "Mwalimu, je, tuanze kusema Kiingereza na watoto nyumbani, wasije wakashindwa huko mbele?" Swali hili si dogo. Aulizaye hivyo mara nyingi Kiingereza chake mwenyewe ni cha kuokoteza, naye ajua hivyo. Walakini yu tayari kuwa kama bubu nyumbani mwake, ikiwa ububu huo utamfikisha mwanawe chuo kikuu. Kwa ajili ya swali hilo tumeona vema kuwaandikia habari za kitabu kimoja cha Marekani, ambacho mwandishi wake alilijibu swali hilohilo kwa maisha yake, na jibu lake limesomwa na kubishiwa kwa muda wa zaidi ya miaka 40. Sisi tumekisoma mara mbili. Mara ya kwanza kilitutoa machozi. Mara ya pili kilitutia mashaka. Yote mawili twataka kuyaeleza.

Kitabu chaitwa Hunger of Memory, yaani Njaa ya Kumbukumbu, nacho kilitolewa mwaka 1982. Mwandishi wake ni Richard Rodriguez, aliyezaliwa California mwaka 1944, mwana wa wazazi waliotoka Meksiko. Watu wa namna yake, ambao asili yao ni Meksiko na nchi nyingine za upande ule zilizotawaliwa zamani na Wahispania, huitwa huko Walatino. Alilelewa katika mji wa Sacramento, ndani ya nyumba ambamo Kihispania kilikuwa lugha ya mapenzi na utani, na Kiingereza kilikuwa lugha ya dukani na ya watu wa nje. Siku alipopelekwa shule ya masista wa Kikatoliki, maneno ya Kiingereza aliyoyajua yalikuwa kama 50 tu. Sista alilitamka jina lake kwa matamshi ya kigeni, naye mtoto akalisikia jina lake mwenyewe likiitwa kama jina la mtu mwingine.

Kisha likatukia jambo ambalo ndilo mhimili wa kitabu kizima. Miezi ilipita, na mtoto akakaa darasani kimya. Basi asubuhi moja ya Jumamosi masista watatu walifika nyumbani, wakakaribishwa sebuleni, wakawauliza wazazi kwa upole kama haingewezekana kuwazoeza watoto Kiingereza nyumbani. Wazazi hawakubisha. Wangebishaje? Waliombwa na watu wa Kanisa, tena kwa faida ya watoto. Tangu siku ile Kihispania kikafukuzwa mezani. Siku moja mtoto aliingia jikoni, akawakuta baba na mama wakizungumza Kihispania. Nao walipomwona tu, wakageuza maneno yao yakawa Kiingereza. Mwandishi asema kwamba sauti zile zilimsukumia mbali. Hakupigwa wala hakukaripiwa, ila aliona mlango umefungwa mbele ya uso wake na watu wampendao.

Twakiri kwamba hatujasoma mahali pengine maelezo yaliyo bora kuliko haya ya jinsi nyumba inavyonyamaza. Mtoto akapanda madarasa. Akawa msomaji wa vitabu, akahesabu vitabu alivyovimaliza kama mtu ahesabuye fedha. Baba yake naye akazidi kuwa mkimya, hata watoto wakadhani ndiyo tabia yake. Lakini jamaa wa Kimeksiko walipokuja kumtembelea, baba huyo huyo aliyekuwa kimya alichangamka akacheka na kusimulia, maana amerudishiwa ulimi wake. Wangapi miongoni mwetu wana baba wa namna hiyo? Mbele ya mwana aliyesoma, na mbele ya mkwe aliyetoka mjini, huonekana mzito wa maneno; umkute kwenye baraza ya wazee, utadhani si yeye.

Iko pia habari ya mama yake, ambayo mwandishi aisimulia kwa maneno machache. Mama huyo alikuwa mpiga chapa katika ofisi za serikali ya California. Siku moja akisomewa barua aiandike, likatajwa neno lenye maana ya wapiganaji wa msituni, naye akaandika neno linalofanana nalo kwa sauti, ambalo maana yake ni sokwe. Kwa kosa la herufi chache akarudishwa kwenye kazi yake ya chini. Mwandishi haongezi maelezo mengi, wala hayakuhitajiwa. Hapo ndipo tuonapo ufundi wake: yaliyo mazito huyasema kwa upole.

Mwisho wa safari yake ya masomo yajulikana. Alisoma chuo kikuu cha Stanford akamaliza mwaka 1967, akaenda Columbia, kisha Berkeley, hata akafika London kuandika juu ya fasihi ya Kiingereza ya zamani. Huko London, katika chumba cha kusomea cha British Museum, alifungua kitabu cha Mwingereza Richard Hoggart kilichotoka mwaka 1957, akakuta humo maelezo ya mtoto wa maskini asomaye kwa msaada wa fedha: mtoto ambaye kila hatua aipandayo humweka mbali na jiko la mamaye. Akashtuka, kwani alijiona humo. Nasi tulipofika hapo tulishtuka vilevile, maana mtu wa Sacramento ajikuta katika kitabu cha Mwingereza, na mwalimu wa kijijini Afrika ajikuta katika kitabu cha mtu wa Sacramento.

Basi sasa tuseme juu ya mashaka yetu.

Rodriguez hasimulii tu kwamba alipotewa na lugha ya nyumbani. Afanya kisa chake kuwa sheria. Asema iko lugha ya faragha na iko lugha ya hadhara. Kwamba mtoto hawezi kuipata ya pili asipoiacha ya kwanza. Na kwamba hao watakao watoto wa wageni wafundishwe kwanza kwa lugha ya mama, wakisha pole pole waingizwe Kiingereza, wawanyima watoto hao haki yao ya kuwa watu wa hadhara. Maneno haya yalipendwa sana na watu wasiowapenda Walatino, jambo ambalo si kosa la mwandishi peke yake, lakini hana budi kuulizwa. Mwaka 1998 wapiga kura wa California waliondoa sehemu kubwa ya mafundisho ya lugha mbili katika shule za serikali, na sheria hiyo ikakaa hata ilipobatilishwa kwa kura nyingine mwaka 2016. Watoto waliopita shuleni katika miaka hiyo 18 ni wengi.

Je, sheria ya Rodriguez ni kweli? Twajibu: kisa chake ni kweli, sheria yake si kweli. Wataalamu wawili, Alejandro Portes na Rubén Rumbaut, walianza mwaka 1992 kuwafuata watoto wa wahamiaji zaidi ya 5,000, huko San Diego na katika miji ya kusini ya Florida, wakaandika waliyoyaona katika kitabu kilichotoka mwaka 2001. Waliona kwamba watoto waliokijua Kiingereza vema, tena wakaishika barabara lugha ya wazazi, hawakuwa nyuma ya wale waliobakiwa na Kiingereza peke yake. Walikuwa mbele: katika masomo, katika matumaini yao ya kufika mbali, na katika kusikilizana na wazazi. Sababu yake si siri. Mtoto aliyeipoteza lugha ya mamaye hawezi kupokea onyo wala shauri lake, na mama aliyepoteza njia ya kusema na mwanawe hana tena mamlaka juu yake. Mtoto wa miaka 12 ndiye awa mkalimani wa nyumba: hupeleka na kuleta maneno kwa daktari, kwa mwenye nyumba, kwa mwalimu mkuu. Na mkalimani, kama mjuavyo, husema apendavyo.

Kuna kitabu kingine tungependa mkijue, kilichoandikwa na Angela Valenzuela mwaka 1999, baada ya kukaa miaka mitatu katika shule moja kubwa ya mji wa Houston iliyojaa watoto wa Kimeksiko. Aliona jambo la ajabu: wale waliozaliwa Meksiko wakaja Texas wakiwa wakubwa, kwa jumla walikuwa na bidii na maendeleo kupita wenzao waliozaliwa palepale. Ungalitazamia kinyume, kwa kuwa waliozaliwa palepale walikijua Kiingereza zaidi. Maelezo yake ni kwamba shule ile ilikuwa ikiwapunguza watoto badala ya kuwaongeza: iliwavua lugha, jina, na heshima ya nyumbani, pasipo kuwavika kitu chenye thamani sawa. Tena aeleza neno la Kihispania, educación, ambalo si elimu ya darasani tu. Ni malezi, adabu, na kujua kukaa na watu. Hapo mwenye kusema Kiswahili hahitaji kufafanuliwa. Sisi nasi twasema, "Amesoma, lakini hakulelewa." Walimu wa shule ile walilalamika kwamba watoto hawajali masomo; watoto wakalalamika kwamba walimu hawajali watoto. Kila mmoja akamngoja mwenziwe aanze.

Tukumbuke pia kwamba watoto wa Kimeksiko hawakunyamaza wote. Mwezi wa Machi mwaka 1968, yaani mwaka mmoja tu baada ya Rodriguez kutoka Stanford, maelfu ya wanafunzi wa shule za upande wa mashariki wa Los Angeles walitoka madarasani wakashika barabara. Mwalimu mmoja, Sal Castro, alisimama pamoja nao, akashitakiwa kwa ajili hiyo. Miongoni mwa madai yao yalikuwa haya: wasiadhibiwe kwa kusema Kihispania shuleni, na wasisukumwe wote kwenye kazi za mikono kana kwamba chuo kikuu si chao. Rodriguez hawezi kuwasahihisha hao kwa hoja ya lugha ya hadhara. Wao waliitaka hadhara, wakaenda kusimama katikati yake.

Na hapa twafikia kosa kubwa zaidi la kitabu, ambalo si la yale aliyoyasema bali la yale aliyoyapita. Msomaji akifunga kitabu hiki atadhani kwamba lililompeleka mtoto yule Stanford ni kuacha Kihispania. Lakini mwandishi mwenyewe ametuambia, kama kwa kupitia tu, kwamba wazazi wake walipata nyumba katika mtaa wa Wazungu, na kwamba wanafunzi wenzake wengi walikuwa watoto wa madaktari, wanasheria na matajiri wa biashara. Shuleni mwake kwenda chuo kikuu lilikuwa jambo la kawaida, kama kwenda sokoni. Hakuna aliyemwuliza kama atakwenda. Swali lilikuwa ni wapi. Mtoto aliye mahali pa namna hiyo, akisema Kihispania nyumbani au asiseme, amekwisha kuwekwa njiani.

Linganisheni na shule ya Garfield, iliyo katika mashariki ya Los Angeles, mojawapo ya zile zilizogoma mwaka 1968. Huko alifika mwaka 1974 mwalimu wa hesabu aliyezaliwa La Paz katika Bolivia, jina lake Jaime Escalante, ambaye kwao alikuwa mwalimu mashuhuri, na Marekani alianza kwa kusafisha sakafu ya mgahawa huku akisoma upya ili apewe ruhusa ya kufundisha. Mwaka 1982, mwaka uleule wa kitabu cha Rodriguez, wanafunzi wake 18 walifanya mtihani mgumu wa hesabu za kalkulasi, ambao akiufaulu mtu huhesabiwa kuwa amekwisha anza masomo ya chuo. Wote walifaulu. Wenye mtihani wakawatuhumu 14 kuwa wameibia. 12 wakakubali kuurudia. Wote 12 wakafaulu tena. Sinema ilitengenezwa juu ya habari hiyo mwaka 1988, iitwayo Stand and Deliver, nayo yapendeza. Lakini yaonyesha kana kwamba mtu mmoja mwenye moyo aliwatoa watoto katika kujumlisha na kutoa akawafikisha kalkulasi kwa muda mfupi. Haikuwa hivyo. Ilichukua miaka. Palikuwa na mkuu wa shule aliyemkingia kifua, mwalimu mwenziwe aliyefundisha sambamba naye, masomo ya likizo katika chuo kilichokuwa karibu, na madarasa ya chini yaliyotengenezwa mapema ili mtoto afikapo darasa la kalkulasi awe na msingi. Escalante alipoondoka mwaka 1991, baada ya mkuu yule kuwa amekwisha kuondoka, kazi ile ilififia.

Sisi walimu hatuna budi kuitazama habari hiyo kwa makini, kwa kuwa twapenda sana kusifiwa peke yetu. Sinema yamsifu mwalimu, kitabu chamsifu mtoto aliyejikana. Wala hakuna amsifuye mtu aliyepanga kwamba hesabu za darasa la nane ziongoze kwenye hesabu za darasa la tisa. Naye ndiye apelekaye watoto chuoni.

Ziko na nguvu nyingine ambazo hazimo kabisa katika kitabu cha Rodriguez, kwa sababu hazikumgusa. Ya kwanza ni karatasi. Walatino wengi ni raia tangu kuzaliwa; lakini wako waliovushwa mpaka na wazazi wangali wadogo, wasio na hati yoyote ya kukaa. Mwaka 1975 dola ya Texas ilitunga sheria ya kuwanyima watoto hao shule ya bure. Mji mmoja, Tyler, ukawataka walipe dola 1,000 kwa mwaka. Shauri lilipofika Korti Kuu ya Marekani, mwezi wa Juni mwaka 1982 (mwaka uleule tena!), waamuzi 5 kwa 4 waliamua kwamba mtoto hawezi kufungiwa mlango wa shule kwa kosa asilolitenda. Hukumu njema. Lakini ilikoma mwisho wa darasa la 12. Mtoto hufundishwa kuapa kwa bendera, kuimba, kuota ndoto za watu wa nchi ile. Kisha akifika miaka 17 au 18, ataka kujaza fomu ya chuo, huulizwa namba ambayo hana. Wengi hawakujua kabla ya siku hiyo kwamba hawana. Wazazi waliwaficha, kama wazazi wafichavyo deni.

Mtaalamu mmoja, Roberto Gonzales, aliwafuata vijana 150 wa namna hiyo huko Los Angeles kwa miaka 12, wengine wakiwa wameacha shule mapema, wengine wakiwa wamefika vyuo vikuu. Kitabu chake cha mwaka 2016 chatia huzuni, kwa kuwa walipofika miaka ya mwisho ya ishirini, mwenye shahada na asiye nayo walikuwa wakifanya kazi zilezile za chini. Ukosefu wa hati uliwasawazisha. Texas na California zilipitisha sheria mwaka 2001 za kuwaruhusu walipe karo ya wenyeji. Jaribio la kuwapa haki ya kukaa lilianguka katika baraza la Senati mwezi wa Desemba mwaka 2010, kwa kupata kura 55 palipotakiwa 60. Mwaka 2012 serikali ikatoa kinga ya muda kwa baadhi yao, pasipo msaada wa fedha za masomo. Na Texas, iliyokuwa ya kwanza kufungua mlango wa karo mwaka 2001, iliona sheria hiyo ikiondolewa kwa amri ya korti mwezi wa Juni mwaka 2025, siku ileile iliposhitakiwa na serikali ya nchi, wala haikujitetea. Kijana aliyekuwa katikati ya masomo yake ajibidishe namna gani? Ajifunze Kiingereza gani zaidi ya hiki alichonacho?

Hata raia mwenye wazazi wasio na hati hakuachwa salama. Fomu mpya ya kuombea msaada wa serikali iliyoanza mwisho wa mwaka 2023 iliwakataa wazazi wasio na namba ya serikali, hata ikatengenezwa mwezi wa Machi uliofuata. Na miezi hiyo ndiyo ya kuamua ni chuo gani mtoto atakwenda.

Nguvu ya pili ni aina ya chuo. Walatino wengi huanzia vyuo vya miaka miwili, vilivyo karibu na nyumbani na vya gharama ndogo, wakinuia kuhamia chuo kikuu baadaye. Njia hiyo ni ndefu kuliko ionekanavyo. Katika kila wanafunzi 100 wa Marekani waanzao vyuo hivyo, kama 80 husema wataka shahada, na kama 16 tu huipata kwa muda wa miaka 6. Wanaobaki hawakuwa wavivu. Wengi walikuwa wakifanya kazi usiku. Wengine walitiwa katika madarasa ya kurudia hesabu na Kiingereza ambayo hayahesabiwi katika shahada, wakalipa, wakachoka. California iliona kosa hilo, na kwa sheria ya mwaka 2017 ikaagiza vyuo vyake viwapime watoto kwa alama zao za shule na kuwaingiza moja kwa moja katika masomo yenyewe. Laiti hekima hii ingalifika mapema!

Jambo moja hatuna budi kumpa Rodriguez haki yake. Alipokuwa karibu kumaliza masomo, vyuo vikuu vilikuwa vikitafuta walimu wa jamii zilizodharauliwa, naye akaitwa kazini huku na huku. Akazikataa nafasi zote. Alisema kwamba anasaidiwa kwa jina la watu wasiosaidiwa. Kwamba yeye aliyekwisha kusoma hahitaji kubebwa, ilhali mtoto wa maskini, awe mweusi au mweupe, yu bado katika shule mbovu. Hoja hii ni ya mtu mwaminifu, tena imemgharimu. Nasi twaiona hata kwetu: nafasi za watoto wa vijijini huwaangukia watoto wa wenye magari waliorudi vijijini kwa ajili ya fomu tu. Lakini hoja njema yaweza kuvunja nyumba. Wapiga kura wa California walipopiga marufuku, mwaka 1996, kuangalia asili ya mtu katika kuingiza wanafunzi, shule mbovu hazikutengenezwa badala yake. Ila Walatino walioingia Berkeley na Los Angeles walipungua mara moja, tangu mwaka 1998. Mwaka 2023 Korti Kuu ikaeneza marufuku hiyo nchi nzima. Rodriguez alitaka waanze chini. Waliomsikiliza walibomoa juu, wakaenda zao.

Sisi nasi tuna jambo la kuungama. Tulipokuwa wanafunzi, katika shule ambayo hatutaitaja, palikuwa na kibao cha mti chenye kamba. Aliyesikiwa akisema lugha ya kwao alivikwa shingoni, naye hakivui mpaka amsikie mwingine. Hivyo tulijifunza Kiingereza, tena tulijifunza kupelelezana. Mwalimu aliyekianzisha kibao hakuwa mtu mbaya. Aliamini kama masista wale walivyoamini. Na tulipoanza kufundisha, twasema kwa aibu, miaka miwili ya kwanza nasi tulikitumia. Mzazi mmoja alikuja kutuuliza habari za kibao hicho. Aliuliza kwa heshima, kofia mkononi, nasi tukamjibu kwa Kiingereza kilichochanganyika, ili ajue kwamba anasema na mtu aliyesoma. Alituitikia, "Ndiyo, mwalimu," akaenda.

Kwa hiyo mzazi atuulizaye leo, twamjibu hivi: sema na mwanao lugha uijuayo sana, ile uwezayo kumkemea nayo, kumtania, kumsimulia habari za babu yake na kumwombea. Kiingereza chake kitoke kwetu, tulioajiriwa kwa kazi hiyo. Akikikosa, tudai sisi. Kisha uje mkutano wa shule uulize maswali magumu: nani afundisha hesabu darasa la saba, na tangu lini hayupo? Fomu za msaada zilifika lini, na kwa nini zilikaa ofisini wiki tatu?

Kitabu chenyewe twashauri kisomwe na walimu, na vijana wa madarasa ya juu wajuao Kiingereza vizuri. Kina uzuri mwingi, na mwandishi hajipendelei. Sura ya mwisho yaanza na barua ya mama yake. Mwanawe alikuwa ameandika gazetini juu ya maisha ya nyumbani, naye mama akaisoma, akamwandikia kumsihi asiwaambie Wazungu mambo ya jamaa yao. Na katika kurasa za mwisho kabisa ni Krismasi: watoto wote wamekuja na zawadi, wamekula, wamesema Kiingereza tangu jioni, na sasa wachukua makoti yao. Mwandishi ampelekea baba yake koti lake, kwa kuwa nje kuna baridi. Baba amwuliza kama yeye naye anakwenda nyumbani sasa. Ndipo mwana atambuapo kwamba hilo ndilo neno la pekee ambalo baba amemwambia usiku ule wote.